Mwalimu Ambaye Hakuona Mavuno



Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada ya pili, mzee mmoja wa kanisa letu alibaki ameketi benchi ya nyuma watu wakitoka. Sitataja jina lake. Alifundisha shule za msingi kwa miaka 36 hadi akastaafu, na shule ya Jumapili alianza kuifundisha kabla mimi sijaokoka. Nikaketi kando yake nikidhani anataka tuombee ule mguu wake. Akaniambia, "Pasta, nimefundisha watoto wa watu. Wengine ni madaktari, mmoja ni askofu. Lakini wangu wawili hawajaingia kanisani tangu tulipomzika mama yao. Sasa niambie, miaka hiyo yote nilikuwa nikifanya nini?"

Sikuwa na jibu. Niliomba naye, nikamsindikiza hadi kwenye gari la jirani yake. Lakini nikiwa njiani kwenda nyumbani nilikumbuka mtu mmoja tuliyemsoma katika historia ya kanisa, chuoni, ukurasa mmoja na nusu hivi kisha tukapita. Usiku huo nikatoa daftari zangu za zamani, nikaendelea kumtafuta katika vitabu vingine, na kwa siku kumi sasa sijaweza kumwacha. Habari zake ndizo nataka nikupe leo. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo chukua chai.

Anaitwa Jan Amos Komenský. Waliomsoma kwa Kilatini wanamwita Comenius. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 huko Moravia, upande wa mashariki wa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Kabla hajawa kijana alikuwa amempoteza baba, mama na dada wawili. Akapelekwa kwa shangazi katika mji wa Strážnice, na mwaka 1605 vita vikaja, mji ukachomwa. Masomo ya Kilatini, ambayo ndiyo yaliyokuwa mlango wa elimu yote ya wakati ule, aliyaanza akiwa na miaka 16, amechelewa kabisa. Aliketi darasani na vijana wadogo kwake. Nadhani ndiyo sababu hakuwahi kumdharau mwanafunzi mzito. Aliona kosa liko kwa jinsi wanavyofundishwa, yaani kukariri maneno ya vitu wasivyowahi kuviona, huku fimbo ikisimama karibu. Baadaye, akiwa mwalimu, alizilinganisha shule za namna hiyo na machinjio.

Kanisa lililomlea liliitwa Umoja wa Ndugu. Lilikuwa dogo, lilianzishwa mwaka 1457 na watu waliofuata nyayo za Jan Hus, yule mhubiri aliyechomwa moto mjini Konstanz mwaka 1415, miaka 102 kabla ya hoja za Martin Luther. Ndugu hao walikuwa watu wa Biblia, watu wa nidhamu, na walipenda shule. Walimwona kijana ana kipawa, wakampeleka kusoma Ujerumani, Herborn kisha Heidelberg. Mwaka 1614 akarudi akawa mwalimu katika shule ileile ya Přerov aliyosomea. Mwaka 1616 akawekewa mikono kuwa mchungaji. Na mwaka 1618 akatumwa mji wa Fulnek kuchunga kanisa na kuongoza shule. Mwaka huohuo akamwoa Magdalena.

Shika jina hilo la Fulnek. Alikaa pale miaka mitatu tu. Alikuwa na mke, watoto wakaanza kuja, alikuwa na madhabahu, alikuwa na darasa. Ukimuuliza mchungaji yeyote kijana anachoomba, ni hicho.

Tarehe 8 Novemba 1620 jeshi la Waprotestanti wa Bohemia lilipigwa karibu na Prague, kwenye kilima kiitwacho Mlima Mweupe, kwa muda wa saa chache. Mwaka uliofuata viongozi 27 waliuawa hadharani katika uwanja wa mji huo. Amri zikafuata dhidi ya wachungaji wa makanisa kama ya Komenský. Akalazimika kutoroka Fulnek na kujificha katika mashamba ya bwana mmoja aliyewahurumia Ndugu, Karel wa Žerotín. Mke na watoto hakuweza kutoroka nao.

Akiwa mafichoni alimwandikia Magdalena kijitabu kizima kuhusu ukamilifu wa Mkristo, ili kumtia moyo. Hakuwa na fedha ya kumtumia, wala mkate. Alikuwa na kalamu, akaitumia. Mwaka 1622 tauni ikapita, ikamchukua Magdalena pamoja na watoto wao wawili wadogo. Mwaka uliofuata vitabu vyake alivyoviacha Fulnek vikatolewa nje na kuchomwa uwanjani.

Mpendwa, nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Mimi nina watoto watatu. Huyu ni mchungaji wa miaka 30, na katika mji wa wito wake wa kwanza hajabaki na mke, mtoto, shule, kanisa wala kitabu. Kama ungekutana naye mwaka ule, ungemwambia nini? Tusiharakishe na Warumi 8:28. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipoketi kimya.

Alioa tena mwaka 1624, akamwoa Dorota, binti wa askofu wa Ndugu. Mwanzoni mwa mwaka 1628, amri ikiwa imekaza, waliondoka nchini wakaelekea mji wa Leszno, Poland. Miongoni mwa wale waliosafiri nao alikuwamo mvulana wa miaka tisa hivi asiye na wazazi wa kumtunza, anaitwa Petr Figulus. Komenský alimchukua kama wake. Wamoravia husimulia kwamba walipofika juu mpakani, mahali pa kuiona nchi yao kwa mara ya mwisho, alipiga magoti kwenye theluji akamwomba Mungu asiache mbegu yake ipotee katika nchi ile, hata ikibidi ikae imefichika. (Naomba ieleweke: mbegu hapa ni ya Yohana 12:24. Si ile ya kutumwa kwa nambari ya simu.)

Hakurudi tena kuishi katika nchi hiyo. Miaka 42 iliyobaki aliishi mkimbizi.

Sasa angalia mkimbizi huyu anafanya nini Leszno. Anashika chaki. Anafundisha shule ya mji mchana, anachunga kanisa la wakimbizi, na usiku anaandika. Kitabu chake cha kufundishia Kilatini kilitoka mwaka 1631, kikiwa na sentensi kama elfu moja zilizopangwa kwa mambo ya dunia tunayoishi: moto, maji, mimea, ufundi, nyumba. Kilienea Ulaya haraka na kutafsiriwa katika lugha nyingi, kiasi kwamba mtu asiye na nchi akawa mwalimu wa watoto wa nchi ambazo hakuwahi kukanyaga. Katika kitabu chake kikubwa cha elimu alisema watoto wote wasome, wa tajiri na wa maskini, wa kiume na wa kike, na kwamba waanze kwa lugha ya mama yao kabla ya Kilatini. Hiyo ni karne ya 17. Mimi nilisoma shule ambapo ukishikwa ukisema lugha ya nyumbani unavalishwa kibao shingoni hadi jioni, na hiyo ilikuwa miaka ya themanini.

Lakini kitabu chake ninachokipenda kuliko vyote ni kidogo, na kimeandikwa kwa ajili ya akina mama. Alikiandika miaka hiyo ya mwanzo ya Leszno. Anasema shule ya kwanza ya mtoto ni magoti ya mama yake, na inadumu miaka sita. Humo mtoto anajifunza Mungu ni nani, na pia anajifunza mvua ni nini, mbwa ni nini, kushoto na kulia, kuhesabu, kushukuru, kungoja zamu yake. Anawaambia wazazi wawaache watoto wacheze, wakimbie, wajenge vinyumba vya udongo. Anataka mama mjamzito aombe na kutunza chakula chake kwa sababu shule imekwisha kuanza. Mtu aliyeandika hayo alikuwa amezika watoto wawili ambao hawakufika umri wa kumaliza shule hiyo.

Mama unayesoma haya huku ukikoroga uji, unayedhani huduma ni ile ya wenye maikrofoni, msome tena Musa katika Kumbukumbu la Torati 6. Maneno ya Mungu wanafundishwa watoto wapi? Nyumbani umeketi, njiani mnatembea, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Hekalu halijatajwa hapo.

Jina la Komenský likawa kubwa, na jina likiwa kubwa milango hufunguka, mizuri na mingine. Mwaka 1641 aliitwa London kuanzisha taasisi ya elimu, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vikawa vinabisha hodi Uingereza. Mwaka 1642 akaingia katika kazi ya Uswidi, kutengeneza vitabu vya shule. Alikubali kazi hiyo akitumaini kwamba wakuu wa Uswidi, wakishinda vita, watawarudisha Ndugu nyumbani. Vita hivyo vya miaka 30 vilikwisha mwaka 1648. Mkataba ukasainiwa. Bohemia na Moravia zikabaki mikononi mwa wale waliowafukuza. Mwaka huohuo Dorota akafa, akamwachia watoto wanne, mdogo wao Daniel akiwa na miaka miwili.

Na ndio mwaka huo aliofanywa askofu kiongozi wa Umoja wa Ndugu, kanisa lisilo na nchi. Mwaka 1650 aliandika kijitabu ambamo kanisa lenyewe linasema kama mama aliye kitandani akifa, anawagawia wanawe urithi. Aliamini kanisa lake linakufa mikononi mwake. Alikuwa akiandika wosia.

Hapa ningeweza kukimbia nikamfanya malaika, lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimekudanganya. Komenský alikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, na sisi Wapentekoste tunapaswa kuusikia kuliko mtu mwingine yeyote. Alipenda manabii.

Tangu siku za kwanza za uhamishoni alikuwa akikusanya maono ya watu waliotabiri kwamba ufalme uliowafukuza utaanguka karibuni. Aliyemshika zaidi alikuwa Mikuláš Drabík, mchungaji wa Ndugu aliyemfahamu tangu ujana. Drabík alitaja hata nani atakayefanya kazi hiyo: nyumba ya Rákóczi, watawala wa Transilvania. Mwaka 1650 Komenský alikwenda Sárospatak, Hungaria, alikoitwa na familia hiyo kutengeneza shule, na unabii ule ulikuwa na uzito katika uamuzi wake. Alimwozesha mwana mmoja wa nyumba hiyo, Sigismund, kwa matarajio makubwa. Mwaka 1652 Sigismund akafa, kijana bado. Unabii ukapewa mtu mwingine na tarehe nyingine. Mwaka 1657 Komenský akauchapisha wote katika kitabu, na mwaka 1665 akauchapisha tena. Hakuna kilichotimia. Watu waliomheshimu walimcheka. Drabík mwenyewe alikamatwa na kuuawa mwaka 1671, mwaka mmoja baada ya Komenský kufariki, na nyumba ya kifalme aliyoitabiria kuanguka ilitawala hadi mwaka 1918.

Unafikiri mtu msomi namna hiyo alidanganywaje? Mimi nadhani hakudanganywa kupitia akili. Alidanganywa kupitia maumivu. Alitaka nyumbani. Mtu anayelia usiku kwa ajili ya nyumbani, ukimwambia "Bwana amesema utarudi mwezi wa tisa," hatakuuliza maswali. Kumbukumbu la Torati 18 inatupa kipimo cha nabii, na Paulo anawaambia Wathesalonike wasiuzime unabii lakini waupime. Nimeshuhudia dada katika kanisa letu akiuza shamba kwa sababu ya neno aliloambiwa kwenye simu na mtu ambaye hajui hata jina la ukoo wake. Sikumcheka. Alikuwa ana mtoto mgonjwa.

Na hapo Sárospatak, huku unabii ukimpotosha, mikono yake ilikuwa ikifanya kazi ambayo haikumpotosha mtu. Wanafunzi walikuwa wazito, basi akageuza masomo kuwa michezo ya kuigiza, watoto wakayafanya mbele ya wazazi. Na akaanza kitabu cha picha. Kilichapishwa Nuremberg mwaka 1658, kikiwa na picha ndogo 150 za kuchonga kwenye mbao. Kwenye ukurasa wa herufi, kunguru analia "aa", mwanakondoo analia "bee", mtoto anajua sauti kabla hajajua herufi. Kila kitu katika picha kina nambari, na nambari hiyo iko kando ya jina lake. Sura ya kwanza ni Mungu, ya mwisho ni hukumu ya mwisho, na katikati mna mkate, samaki, kinyozi, mashua, radi. Kilitumika kwa zaidi ya karne moja. Kile kitabu cha mwanao cha chekechea chenye picha ya ng'ombe na neno "ng'ombe" chini yake kina ukoo, na babu wa ukoo huo ni mkimbizi huyu. Wazazi mnaolalamika kila jioni kwamba mtaala mpya unawatuma kutafuta maganda ya mayai na vifuniko vya chupa, nawahurumia, lakini yeye angefurahi.

Alirudi Leszno mwaka 1654. Mwaka uliofuata Uswidi ikavamia Poland, na Komenský akaandika sifa za mfalme wa Uswidi akazichapa. Lilikuwa kosa, kwa maana Poland ndiyo iliyompokea kwa karibu miaka 30. Aprili 1656 majeshi ya Poland yakaja, na mji wa Leszno ukateketea. Nyumba yake ikaungua, na maktaba, na hati za maisha yake. Kati ya hizo kulikuwa na kamusi kubwa ya Kicheki na Kilatini aliyoifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 40, tangu akiwa mwanafunzi. Alisema uchungu wa kupoteza kazi hiyo utakoma pumzi yake itakapokoma. Alikuwa na miaka 64.

Amsterdam ikampokea. Familia ya de Geer, wafanyabiashara waliomsaidia tangu siku za Uswidi, wakampa mahali. Mji ukagharamia kuchapishwa kwa vitabu vyake vya elimu, mwaka 1657. Na yeye akaendelea kuandika.

Na sasa, Mwalimu wangu, najua unasoma. Hapa ndipo nilipotaka kukufikisha.

Mwaka 1661, akiwa mzee wa karibu miaka 70, Komenský alichapisha katekisimu ndogo. Si kazi iliyompa sifa, wasomi wengi hawaitaji. Aliiweka wakfu kwa kondoo wa Kristo waliotawanyika, kisha akavitaja vijiji kwa herufi za kwanza za majina yao: Fulnek, na vijiji vinavyouzunguka, kimojawapo kikiitwa Zauchtenthal. Ni miaka 40 tangu atoroke. Hawezi kwenda. Hajui nani yuko hai. Watu hao wamelazimishwa kuingia kanisa jingine, na kukutwa na kitabu kama hicho ni hatari. Lakini aliwahi kuwa mchungaji wao miaka mitatu, na bado anayajua majina ya vijiji vyao. Katika nyumba za huko, wazee waliendelea kuficha vitabu na kuwafundisha wajukuu usiku, milango ikiwa imefungwa.

Na nyumbani kwake? Yule mvulana yatima Petr Figulus alikua, akasoma, akawa msaidizi wa Komenský, na mwaka 1649 akamwoa binti yake Alžběta. Mwaka 1660 wakazaa mtoto wakamwita Daniel Ernst. Mwaka 1662 Figulus akachaguliwa kuwa askofu, ili mzee akifa, mikono iwepo ya kuwekea wengine mikono. Mpango mzuri. Januari 1670 Figulus akafa kabla ya mkwewe.

Tarehe 15 Novemba mwaka huohuo Komenský naye akafariki Amsterdam, akazikwa Naarden. Miaka miwili kabla alikuwa ameandika kitabu kuhusu lile jambo moja linalohitajika, la Martha na Mariamu katika Luka 10, akitazama nyuma kwenye vichaka vyote alivyopotea: shule, siasa za wafalme, mabishano, maono. Ukifunga hesabu siku hiyo ya Novemba, ni hasara. Nchi imepotea. Kamusi imeungua. Unabii umekuwa aibu. Wake wawili wamekufa. Mrithi amekufa. Kanisa limekufa, na wosia wake ameuandika mwenyewe. Kazi yake kubwa ya mwisho, ya kurekebisha mambo yote ya wanadamu, haijakamilika, amewaachia mwanawe Daniel na msaidizi mmoja waimalize.

Mjukuu, Daniel Ernst, alikuwa hajatimiza miaka 10. Mwaka mmoja, baba na babu.

Mtoto huyo alikuja kuitwa Daniel Ernst Jablonski. Alikua akawa mchungaji, akasoma hadi Oxford, akawa mhubiri wa mfalme mjini Berlin. Mwaka 1699 akawekwa kuwa askofu wa Umoja wa Ndugu katika tawi lililosalia Poland, akaubeba uaskofu wa babu yake kwa miaka mingi kama mtu anayetunza ufunguo wa nyumba iliyobomoka.

Mwaka 1722 familia za kwanza kutoka Moravia zilivuka mpaka usiku, zikafika katika shamba la kijana mmoja wa Ujerumani, Zinzendorf, zikajenga kijiji cha Herrnhut. Zikafuatwa na nyingine. Mwaka 1724 wakaja vijana kutoka Zauchtenthal, ndiyo, kile kijiji kilichotajwa katika katekisimu. Mmoja wao alikuwa seremala, David Nitschmann. Mwaka 1732 Nitschmann alimsindikiza mwenzake hadi visiwa vya Karibea kuwahubiria watumwa, wamisionari wa kwanza wa Wamoravia. Walipohitaji askofu wa kuwawekea mikono wahudumu huko mbali, wakamtafuta mtu mwenye ule uaskofu wa zamani. Alikuwepo mzee mmoja Berlin, wa miaka 74. Machi 1735 mjukuu wa Komenský akaweka mikono juu ya kichwa cha kijana wa Zauchtenthal.

Miezi saba baadaye askofu huyo mpya alikuwa kwenye meli kwenda Marekani na kundi la Wamoravia. Ndani ya meli hiyo mlikuwa na kasisi mmoja Mwingereza, John Wesley. Januari 1736 dhoruba ikapasua tanga, Waingereza wakapiga mayowe, na Wamoravia, na wanawake na watoto wao, wakaendelea kuimba. Wesley hakusahau. Miaka miwili baadaye, baada ya kufundishwa na Mmoravia mwingine, Peter Böhler, moyo wake uliwashwa katika mkutano mdogo mtaani Aldersgate, London, tarehe 24 Mei 1738. Kutoka kwa Wamethodisti ukaja mwamko wa utakatifu, na katika mwamko huo wakalelewa watu wa Azusa Street ya 1906, na sisi tunajua tulikotoka.

Wamoravia wenyewe walifika kwa jirani zetu mwaka 1891, kusini mwa Tanzania, wakaanza kazi Rungwe. Leo Tanzania ina Wamoravia wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Nimewahi kuhubiri mkutano Mbeya, nikakaribishwa chai na mama mmoja Mmoravia, na sikujua nilikuwa nakunywa chai ya nani.

Na ile kazi kubwa ambayo haikukamilika? Hati zake zilipotea watu wakadhani zimekwisha. Miaka ya 1930 mtafiti mmoja alizikuta mjini Halle, Ujerumani, katika hazina ya nyumba ya kulelea mayatima.

Nilimpelekea Mwalimu maandishi haya juzi kabla ya kuyaweka hapa, kwa sababu ni yeye aliyeyaanzisha. Nilikaa sebuleni kwake akiyasoma na miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, kimya. Alipofika mahali pa mjukuu aliinua kichwa akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi, umesema?" Nikamwambia tisa, anakaribia kumi. Akasema yule wa binti yake, anayekuja likizo ya Agosti, ana minane. Kisha akachukua kalamu nyekundu, ambayo kumbe bado anaiweka mfukoni, akanirudishia karatasi zikiwa na makosa matatu ya tahajia yamezungushiwa mviringo.

Nimeyasahihisha yote.